Nyumba ya urithi Ngamiani, dalali na cha juu chake: jibu kwa mnunuzi anayeanza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Makorora, hapa Tanga, na nimeweka akiba ya shilingi milioni 55 ili nianze kununua nyumba za kupangisha. Kijana mmoja dalali amenionyesha nyumba ya vyumba sita Ngamiani, iliyoachwa na marehemu, na bei yake ni milioni 48. Anasema ameshakubaliana na mtoto mkubwa wa marehemu, wana karatasi waliyosaini, hivyo nimlipe yeye na yeye ndiye atakayemalizana na familia. Anataka milioni 2 za kushikia nyumba kabla ya Ijumaa. Mpangaji mmoja wa humo amenidokeza kwamba familia inataka milioni 38 tu. Nimeona kwenye video kwamba Marekani biashara hii hufanywa wazi na wanaoanza hushauriwa kuwatafuta watu kama huyu. Je, nifanye naye kazi, au nimruke niende kwa familia? Ana pia shamba Chongoleani analosema litapanda bei.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile lenye haraka: usitoe hizo milioni 2 kabla ya Ijumaa, na baada ya Ijumaa usimpe yeye mkononi. Fedha ya kushikia nyumba inaweza kutolewa, lakini kwa njia nitakayoieleza mbele, ikikaa kwa wakili na ikiwa na masharti ya kurudishwa. Akikuambia kuna mnunuzi mwingine amekaa na fedha taslimu anasubiri, mwache huyo mnunuzi mwingine anunue.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Ndiyo, unaweza kufanya kazi na dalali wa namna hii, na kwa mtu anayeanza, asiyejua nani anauza wapi, dalali mzuri ana faida ya kweli. Lakini unapaswa kuelewa kwamba anachokuuzia si nyumba. Huyu kijana hana nyumba Ngamiani. Alicho nacho, kama kipo, ni ahadi ya mtu fulani kwamba atauziwa kwa bei fulani, na wewe unaombwa kununua ahadi hiyo kwa nyongeza ya milioni 10. Kwa hiyo uzito wa biashara nzima unategemea kama huyo aliyetoa ahadi alikuwa na uwezo wa kuitoa.

Hicho ulichokiona kwenye video ni cha kweli, ila kinasimama juu ya nguzo ambazo video haionyeshi. Nchini Marekani mtu wa kati humtafuta mwenye nyumba anayehitaji kuuza upesi, hutiliana naye saini mkataba wa kununua kwa bei ya chini, na kabla ya siku ya kukamilisha humuuzia mwekezaji nafasi yake katika mkataba ule. Tofauti ya bei ndiyo ujira wake. Kule, hata hivyo, kuna kampuni zinazopekua historia ya umiliki na kutoa bima ya hati, yaani bima inayomfidia mnunuzi umiliki ukikutwa na kasoro, fedha za mnunuzi hukaa kwa mtu wa tatu mpaka siku ya kukamilisha, na mkataba unapohamishwa kwa kawaida ujira wa mtu wa kati huandikwa kwenye hesabu ya mwisho ambayo pande zote huiona. Pamoja na kinga zote hizo, bado baadhi ya majimbo yaliona biashara hii inaumiza watu: Illinois ilibadili sheria yake mwaka 2019 ili anayeifanya zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 awe na leseni ya udalali wa nyumba, na Oklahoma nayo ikatunga sheria mwaka 2021 kuwabana wanaotangaza mikataba ya nyumba wasizomiliki bila leseni. Ukiichukua biashara hiyo na kuileta Ngamiani bila kampuni ya kupekua, bila bima ya hati na bila mshika fedha wa kati, kazi ya hao wote inakuangukia wewe na wakili wako.

Kuhusu cha juu chenyewe, yaani nyongeza anayoiweka dalali juu ya bei ya familia, sitakuambia kwamba ni wizi. Dalali ametembea, ameijua familia, amekuletea nyumba ambayo usingeiona, na anastahili kulipwa. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni cha juu kilichofichwa. Kikifichwa, familia inaamini nyumba imeuzwa milioni 38, wewe unaamini umenunua kwa milioni 48, na mkataba unaandikwa kwa namba mojawapo kati ya hizo mbili. Siku ukweli utakapojulikana, na katika mitaa yetu hujulikana kabla hata ya wino kukauka, familia itasema imedhulumiwa. Atakayekuwa ndani ya nyumba siku hiyo ni wewe, si dalali. Tena, ikiwa mkataba utaandikwa milioni 38, milioni 10 zako hazina ushahidi wowote. Mauzo yakivunjika utadai 38. Hivyo sharti langu la kwanza la kufanya kazi na mtu wa kati ni kwamba ujira wake uandikwe, ujulikane na muuzaji na mnunuzi, na ulipwe mwisho wa safari.

Umeuliza kama umruke uende kwa familia. Usimruke. Amekuonyesha nyumba kwa nia njema ya kupata riziki, na ukimzunguka leo habari zitafika Mikanjuni, Mabawa na Chumbageni kabla ya wiki kwisha, kisha hutaletewa nyumba nyingine ya maana. Zaidi ya hayo ni dhuluma. Mwambie hivi: "Niko tayari kununua kupitia kwako, na ujira wako nitauheshimu, lakini nataka tukae mimi, wewe na familia yote, na wakili awepo." Dalali mwenye makubaliano ya kweli atanuna kidogo, kisha atakubali. Akikataa kabisa usiwaone wenye nyumba, umeshapata jibu lako.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ninalotaka ulitazame kwa makini kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloharibu mauzo mengi ya nyumba kongwe za Ngamiani: umesema nyumba ni ya marehemu, na aliyekubaliana na dalali ni mtoto mkubwa. Mtoto mkubwa si mmiliki. Kushika funguo, kukusanya kodi za wapangaji na kuitwa kaka na wadogo zake hakumpi uwezo wa kuuza. Baada ya mtu kufariki, mwenye uwezo wa kuuza mali yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye kwa familia nyingi za hapa huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza. Anapewa fomu ya uteuzi, na kanuni zinamtaka ndani ya miezi minne awasilishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Waombe wakuonyeshe fomu hiyo, kisha chukua namba ya shauri uende mahakamani ulikotolewa uteuzi ukathibitishe kwamba shauri lipo, uteuzi haujatenguliwa na hakuna pingamizi. Usitosheke na nakala iliyopigwa picha kwa simu.

Fanya na hesabu ya urithi, kwa sababu inaonyesha kwa nini karatasi ya kijana wako inaweza kuwa nyepesi. Tuseme marehemu alikuwa Muislamu, wazazi wake walishatangulia, na ameacha mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mjane anapata thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Sehemu 7 zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo kila binti ana sehemu 1 na kila mtoto wa kiume ana sehemu 2. Nyumba ikiuzwa milioni 40, mjane ana milioni 5, kila binti milioni 5, na huyo kaka mkubwa milioni 10. Maana yake, mtu aliyemwahidi dalali nyumba nzima ana robo yake tu, na robo hiyo yenyewe haijakabidhiwa kwake mpaka mirathi ifungwe. Mabinti wameolewa Muheza, Mombasa au Dar es Salaam, hawajui lolote, na watajua siku watakapokuja likizo na kukuta mafundi wako wanapandisha mabati mapya.

Kwa mujibu wa sheria msimamizi anaweza kuuza bila kila mrithi kusaini, ilimradi anauza kwa faida ya warithi. Mimi hata hivyo ningekushauri uwapate wote waseme kwa maandishi kwamba wanaafiki mauzo na bei, kila mmoja na nakala ya kitambulisho chake cha taifa, na walio mbali wasaini mbele ya wakili wa huko walipo. Mjane mwangalie kwa namna ya pekee. Kama bado anaishi ndani ya nyumba ile, ongea naye mwenyewe, si kupitia kwa mwanawe. Ujue ataenda kuishi wapi na kama kweli ameridhia. Nimekuta katika kazi hii ya kuthamini nyumba vikongwe ambao walijua nyumba imeuzwa pale mthamini alipobisha hodi. Kununua kwa bei nafuu si kosa, lakini unafuu unaotokana na bibi kutoambiwa chochote hauna baraka, na mara nyingi huishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku utakapoletewa nyumba ya mtu aliye hai, swali linageuka kuwa la mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kwa mwenye wake zaidi ya mmoja usiridhike na ridhaa ya huyo mmoja uliyetambulishwa. Ukionyeshwa hati ya uwakili, yaani mtu amepewa mamlaka ya kuuza kwa niaba ya mwingine, hakikisha imesajiliwa na aliyeitoa yuko hai, kwa sababu mamlaka hayo hukoma anapofariki.

Baada ya watu, nenda kwenye karatasi. Ikiwa nyumba ina hati miliki, chukua namba ya hati na ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki uliobaki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Ikiwa jina bado ni la marehemu, ni lazima kwanza libadilishwe liwe la msimamizi wa mirathi, na kazi hiyo ni ya familia, si yako. Ulizia deni la kodi ya pango la ardhi, maana linaweza kuwa limelala miaka mingi. Kodi ya jengo siku hizi hukatwa kupitia LUKU, na bili ya maji utaiuliza Tanga UWASA. Kama kilichopo ni barua ya toleo tu, yaani barua ya kugawiwa kiwanja kabla hati haijatoka, au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, bei inapaswa kushuka na tahadhari kuongezeka. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani amekaa wapi tangu lini, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki. Tafuta mpima ardhi athibitishe mawe ya mipaka, kwa kuwa katika nyumba zilizobanana si ajabu choo cha uani kuwa kimevuka futi kadhaa kwa jirani.

Usisahau wapangaji. Nenda jioni wakati wamerudi kazini, pitia mlango kwa mlango katika korido, na umuulize kila mmoja kwa adabu analipa kiasi gani, alilipa mwisho lini, kwa nani, na kodi yake inafika mwezi gani. Andika kwenye daftari mbele yao. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na wapangaji wawili waliolipa mwaka mzima mapema kwa kaka mkubwa, na fedha hiyo imeshaliwa. Usipoijua utanunua nyumba na kukaa miezi kumi bila kupokea senti kwenye vyumba hivyo. Kiasi kilicholipwa mbele kikatwe kwenye bei. Mazungumzo hayo ya mlangoni yatakufundisha pia paa linavuja chumba kipi, umeme unakatika kwa nini, na nani mwingine alishaletwa kuonyeshwa nyumba hiyo hiyo na dalali mwingine kwa bei tofauti.

Sasa bei. Wapo watakaokuambia utumie kanuni ya Marekani ya asilimia 70: chukua thamani ya nyumba ikishakarabatiwa, zidisha kwa 0.7, toa gharama za ukarabati, na jibu ndilo bei ya juu unayopaswa kulipa. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa mtu anayenunua, kukarabati na kuuza upesi mahali ambapo bei za nyumba zilizouzwa jirani zinaweza kuonekana kwenye kumbukumbu. Wewe unanunua ili upangishe, na hapa Tanga bei halisi za mauzo hazikai mahali ambapo mtu anaweza kuzisoma. Kwa hiyo tafuta mauzo mawili au matatu ya karibuni katika barabara hiyo au inayofuata, ukiwauliza walionunua wenyewe na si madalali, na umlipe mthamini aliyesajiliwa akupe maoni yake. Kisha piga hesabu kutokea kwenye kodi.

Nitakupigia moja kwa mfano. Namba zangu uzibadilishe kwa hizo utakazokuta. Tuseme kila chumba ni shilingi 45,000 kwa mwezi. Vyumba sita ni 270,000, na kwa mwaka ni 3,240,000. Toa kodi ya mwezi mmoja na nusu kwa vyumba vitakavyokaa wazi na wapangaji watakaochelewa, yaani 405,000, toa 400,000 za matengenezo ya kawaida, na kiasi kidogo cha kodi za serikali. Unabaki na takriban milioni 2.4. Ukinunua kwa milioni 48, ukatia milioni 7 kwenye paa, nyaya na choo, na milioni 2 kwa wakili, mthamini, ushuru wa stempu na mengineyo, umetumia milioni 57. Mapato yako ni kama asilimia 4.2 kwa mwaka, na fedha zenyewe zimepita akiba yako. Hatifungani za muda mrefu za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, bila mpangaji wala bomba la maji kupasuka. Kwa hesabu hii, milioni 48 si bei ya chini, hata kama imetangazwa hivyo.

Wewe, hata hivyo, una kitu ambacho mnunuzi mwingine hana: unauza vifaa vya ujenzi na unawajua mafundi. Kama nyumba imetazama barabara yenye watu, vyumba viwili vya mbele vinaweza kugeuzwa fremu za biashara, ukishapata kibali cha jiji cha kubadili matumizi na cha kubomoa ukuta. Tuseme fremu ni 150,000 kila moja. Fremu mbili na vyumba vinne ni 480,000 kwa mwezi, au 5,760,000 kwa mwaka. Ukitoa tena mwezi mmoja na nusu, matengenezo ya laki 5 na kodi, unabaki na milioni 4.4 hivi. Ukarabati utapanda kufika milioni 10. Kwa bei ya milioni 48 jumla ni milioni 60, ambazo huna, na mapato ni asilimia 7.3. Kwa bei ya milioni 40 jumla ni milioni 52, mapato yanakaribia asilimia 8.5, na unabaki na milioni 3 za dharura. Kwa hiyo kikomo chako, kwa namba hizi, ni milioni 40 ikiwa na ujira wa dalali ndani yake: familia 38, dalali 2. Hizo milioni 2 ni kama asilimia 5 ya mauzo, ujira ambao haumtii mtu aibu, na uko ndani ya kile kinachozungumzwa kwa kawaida katika mauzo ya nyumba. Familia ikisema kumbe inataka zaidi ya 38, mweleze dalali kwamba hesabu yako haifiki huko na umshukuru.

Sikuhesabu kupanda kwa thamani ya nyumba, na ni kwa makusudi. Thamani ikipanda ni heri, lakini nyumba ya kwanza ya mtu anayeanza inapaswa kujilipa kwa kodi inayoonekana leo.

Mkikubaliana bei, mkataba uandikwe na wakili uliyemchagua na kumlipa wewe, si yule aliyeletwa na dalali. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi au uthibitishwe kwa maandishi, kwa hiyo makubaliano ya mdomo kati ya kaka mkubwa na dalali hayana nguvu ya kukulinda. Wahusika wawe watatu: msimamizi wa mirathi kama muuzaji, wewe kama mnunuzi, na dalali kwa ajili ya kipengele cha ujira wake pekee, huku akikiri kwamba karatasi yake ya awali imefutwa na hana dai lolote jingine juu ya nyumba. Kukiri huko ni muhimu, kwa sababu karatasi ile ikibaki hai anaweza kesho kuja na mnunuzi mwingine akidai alitangulia.

Malipo yapite benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti ya msimamizi wa mirathi. Sehemu ya kwanza, tuseme asilimia 10, ikae kwa wakili mpaka upekuzi na mahakama vijibu vizuri, na mkataba useme wazi kwamba kikikutwa kikwazo fedha inarudi yote ndani ya siku zilizotajwa. Sehemu kubwa ilipwe pale fomu za uhamisho zinaposainiwa na hati halisi inapokabidhiwa kwa wakili, na bakaa kidogo ibaki mpaka jina lako liandikwe na Msajili. Dalali alipwe siku hiyo hiyo bakaa inapotoka. Akilipwa mwishoni atakusaidia kumfuatilia binti aliyeko Mombasa. Akilipwa mwanzoni simu yake itakuwa haipatikani.

Jambo moja la kodi linaloleta ugomvi: kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi hapa husema bei waliyotaja ni ya mkononi, yaani kodi isikatwe humo. Likiachwa bila kuandikwa, uhamisho hukwama TRA huku kila upande ukimsubiri mwenzake. Mkataba utaje nani analipa nini, na ukisaini usichelewe kulipia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1, kwa sababu ukipita siku 30 kuna adhabu. Na usikubali bei iandikwe chini ili kodi ipungue; nimeshaeleza nini hutokea kwa fedha ambayo haikuandikwa.

Shamba la Chongoleani nitalijibu kwa ufupi. Ni kweli bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2017 kila kipande cha ardhi upande ule kinauzwa kwa hadithi ya bomba. Lakini shamba halina mpangaji. Tena ardhi ya huko inahitaji maswali mengine kabisa: je, imepimwa, imo ndani ya eneo lililotwaliwa na kulipwa fidia, ipo ndani ya mita 60 za ufukwe ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda? Kwa akiba ya milioni 55 na nyumba ya kwanza bado haijapatikana, liache.

Namna ya kuishi na madalali baada ya hapa, mauzo haya yakifaulu au yasipofaulu, ni kuwapa maelezo yanayoeleweka. Mwandikie huyu kijana, na wengine wawili au watatu wenye sifa njema, ujumbe mfupi kwenye simu: unatafuta nyumba ya vyumba visivyopungua vitano, Ngamiani au Makorora, yenye hati au barua ya toleo, bei isiyozidi milioni 40 pamoja na ujira, na kama ni ya urithi msimamizi awe ameshateuliwa. Waambie utajibu ndani ya siku mbili kila utakapoletewa nyumba, na ukikataa utasema kwa nini. Dalali hupoteza muda mwingi kwa wanunuzi wasiosema wanataka nini. Mnunuzi anayejibu upesi, asiyemzunguka mtu na anayelipa ujira siku aliyoahidi huletewa nyumba kabla hazijatangazwa. Walipe nauli wanapokutembeza, lakini usilipe ada ya kuonyeshwa karatasi.

Kabla ya Ijumaa, basi, mambo matatu yanatosha: mpigie kijana umweleze sharti la kikao cha pamoja, uombe namba ya shauri la mirathi, na uombe namba ya hati au ya kiwanja. Akikuletea namba hizo mbili, nenda mahakamani na ofisi ya ardhi wiki ijayo ukiwa na daftari lako. Akishindwa kukuletea hata moja, mwambie utamsubiri mpaka zipatikane, na milioni 2 ziache benki.